UMEGUSWA NA NINI, KIJANA?

(Soma mpaka mwisho, kisha mpe mwenzako)

Usiitupe karatasi hii. Najua umeipokea ukiwa njiani. Labda unapita zako kwenda stendi, labda unatoka sokoni Ngamiani, labda uko kijiweni na wenzako na baiskeli zenu, au umekuja Tangamano kuangalia tu watu na kusikiliza muziki. Sikuulizi dini yako wala kabila lako. Nakuuliza swali moja tu: TANGU MWAKA HUU UANZE, NI KITU GANI KIMEKUGUSA?

Sizungumzii mkono wa mtu. Nazungumzia ulichokunywa, ulichovuta, ulichosikiliza, ulichokiangalia usiku kwenye simu wengine wamelala. Maana kila kinachomgusa mtu kinamfanya kitu. Kingine kinateleza tu na kupita. Kingine kinaua. Na kimoja, nitakuambia mwishoni, kinaponya.

Hebu kwanza twende darasani.

VIKOMBE VINNE

Mimi niliishia darasa la saba, kisha nikasoma chuo cha Biblia. Sayansi yangu ni kidogo. Lakini kijana mmoja jirani yangu, wa kidato cha pili hapa Tanga, alinieleza jaribio walilofanya shuleni. Swali lao lilikuwa hili: vimiminika mbalimbali vinawafanya nini wadudu? Nikamwomba daftari lake nikasoma. Nikasema moyoni, Bwana asifiwe, haya ni mahubiri matupu!

Walipanga vikombe vinne. Cha kwanza maji matupu. Cha pili maji ya sabuni. Cha tatu maji yaliyotiwa mafuta ya taa juu yake. Cha nne maji ya sukari. Wakatafuta mende, wakachota viluwiluwi vya mbu kwenye tairi bovu lililojaa maji ya mvua, na sisimizi wapo tele, hao hawatafutwi.

Kikombe cha kwanza: walimdondoshea mende maji matupu mgongoni. Maji yakajikunja kama shanga, yakateleza, yakaanguka. Mende akaenda zake. Kwa nini? Kwa sababu mende amepakwa nta mwili mzima. Tena mdudu hana mapafu kama wewe, wala hapumui kwa pua. Ana matundu madogo ubavuni, hewa inaingia humo na kupita kwenye vijibomba mpaka ndani ya mwili. Na maji matupu yana kama ngozi juu yake, yanashikana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo ni vigumu kupenya kwenye vitundu vile. Ngozi hiyohiyo ya maji ndiyo inayobeba wale wadudu wenye miguu mirefu unaowaona wakitembea juu ya dimbwi bila kuzama.

Kikombe cha pili: maji ni yaleyale ya bomba lilelile, ila yametiwa sabuni kidogo. Walipomdondoshea mende mwingine, maji hayakujikunja. Yalitandaa, yakalowesha ubavu, yakaingia kwenye matundu. Mende alikimbia, akapinduka chali, akapiga mateke, na baada ya dakika chache akatulia. Hakuumwa na kitu kikali. Alizibwa pumzi.

Kikombe cha tatu: kiluwiluwi cha mbu kinaishi ndani ya maji, lakini kinavuta hewa ya juu. Wale wa mbu wa kawaida wa vyooni wananing'inia kichwa chini, wana kijibomba mkiani kinachofika juu ya maji. Wale wa mbu wa malaria wanalala sambamba na uso wa maji. Ukimimina mafuta kidogo, yanatandaa juu. Kiluwiluwi kinapanda, kinakuta mlango umefungwa. Kinashuka, kinapanda tena. Mwisho hakipandi.

Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross aligundua kule India kwamba malaria inabebwa na mbu. Baada ya hapo, Wamarekani walipokuwa wanachimba Mfereji wa Panama, kuanzia 1904 mpaka 1914, vikosi vya daktari William Gorgas vilimwaga mafuta kwenye madimbwi ili kuua viluwiluwi. Na hapa kwetu, kule Makunduchi Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga chembe nyepesi za plastiki kwenye vyoo vyenye maji. Zikaelea zikafunika uso wote. Mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa pumzi. Watu nao wakapewa dawa za kumeza, na ugonjwa unaoleta matende na mabusha ukapungua.

Kikombe cha nne: hiki ndicho kilichonishtua. Hakuna sisimizi aliyedondoshewa sukari. Hakuna aliyekamatwa. Walikuja wenyewe, kwa mstari, kwa furaha. Asubuhi wanafunzi wakakuta kikombe kimejaa maiti.

SASA TUJE KWAKO

Kijana, wewe si mdudu. Wewe umeumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini Biblia haioni aibu kumtuma mtu akajifunze kwa mdudu. Suleimani alimtuma mvivu kwa chungu (Mithali 6:6). Basi na sisi tujifunze.

1. MAJI MATUPU. Kuna watu Neno la Mungu linawadondokea kila siku na kuteleza. Wanajua nyimbo zote za kwaya. Mhubiri akianza mstari, wao wanamalizia. Mama anasali chumbani anawataja jina, wao wanaongeza sauti ya redio. Wana nta! Neno lingewaingia, lakini hawajaruhusu likae. Wewe mahubiri yamekupita mara ngapi? Mazishi mangapi ya rafiki zako umekwenda, ukalia, ukarudi palepale kijiweni?

2. MAJI YA SABUNI. Shetani hakuhitaji kuja na moto. Alihitaji kitu kidogo cha kuondoa ulinzi wako. Ulikuwa kijana mwenye haya. Ukiambiwa "njoo tuibe" ungekataa, ukiambiwa "vuta unga" ungekimbia. Ikateleza. Lakini akaja rafiki mmoja mwenye maneno laini: "Onja tu. Moja tu. Kwani we mtoto?" Hiyo ndiyo sabuni. Jambo ambalo mwaka jana lilikuwa linateleza, mwaka huu limeingia mpaka kwenye pumzi. Biblia inasema mainzi waliokufa wanatosha kuharibu marhamu nzuri ya fundi (Mhubiri 10:1). Nzi ni kitu gani? Ni kidogo! Lakini chupa nzima inanuka.

Dada yangu, na wewe nakuambia. Anayekununulia chipsi na vocha kila siku, hebu jiulize anayeyusha nini.

3. MAFUTA JUU YA MAJI. Ndugu, kiluwiluwi kinakaa kwenye maji machafu na bado kinaishi, maadamu kinapata hewa kutoka juu. Na wewe umezaliwa palepale ulipozaliwa, hukuchagua. Pengine nyumba yenu ina ugomvi, ada ilikosekana, kazi hakuna, mkonge umekutoa jasho na ujira hautoshi. Mungu anajua. Hakuna maji machafu yanayoweza kukuua kama pumzi ya juu ipo. Pumzi hiyo ni maombi. Ndiyo maana adui hahangaiki sana kukuhamisha mtaa. Anataka afunike juu tu, usiombe! Siku hizi lini umeinua macho ukasema, "Mungu wangu"? Kama hukumbuki, kijana, uso wa maji umeshafunikwa.

4. MAJI YA SUKARI. Nenda shamba lolote la minazi huku kwetu pwani, mwangalie mgema anaposhusha kibuyu. Juu ya tembo wanaelea nyuki na nzi. Hakuna aliyewasukuma. Harufu tamu iliwaita. Wakanywa, wakalewa, wakazama ndani ya kile walichokuwa wanakipenda. Mgema anawachuja anawatupa, kibuyu kinakwenda kuuzwa. Na pombe haikuwasikitikia.

Hivyo ndivyo ilivyo. Kilabu hakitakulilia. Mwenye kilabu atachukua hela, na siku ukizama ataweka kiti chako kwa mwingine. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 2017. Viroba vikaondoka, kiu ikabaki, watu wakatafuta kingine. Maana tatizo halikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Liko moyoni.

MBONA SIJAFA?

Sasa nasikia unasema: "Mtumishi, mbona mimi nakunywa na sijafa? Mbona nafanya yote hayo na niko mzima?"

Swali zuri. Twende Muheza nikujibu.

Kule juu Amani, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Mwanzoni kilikuwa cha mimea na kilimo. Baadaye pakawa mahali pa kuchunguza malaria, na leo kazi hiyo inaendelea Muheza chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979. Vijiji vya Muheza ni kati ya mahali ambapo vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa mapema, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukilala leo ndani ya chandarua chenye dawa, umelalia kazi ya watu hao.

Sasa sikia wanavyopima dawa. Wanachukua mbu jike, kama 20 au 25, wanawaingiza kwenye bomba la plastiki. Ndani kuna karatasi iliyoloweshwa dawa. Mbu wanakaa humo saa moja. Bomba lingine lina karatasi isiyo na dawa, ili kulinganisha. Ndani ya saa ile mbu wengi wanaanguka chini. Mimi ningesema kazi imekwisha, tuandike! Lakini mtaalamu haandiki kwamba wamekufa. Anawahamishia kwenye bomba safi, anawapa maji ya sukari kwenye pamba, ANASUBIRI SAA 24. Ndipo anahesabu waliokufa kweli.

Kwa nini asubiri? Kwa sababu mbili, na zote zinakuhusu.

Ya kwanza: yupo mbu anayetoka akiruka vizuri kabisa. Amegusa, ameondoka, anajiona mshindi. Lakini kilichomgusa kiko ndani yake, na kesho yake atakutwa chini. Ndivyo mhubiri wa zamani alivyosema, kwamba kwa kuwa hukumu ya tendo baya haiji upesi, mioyo ya watu inajaa ujasiri wa kutenda mabaya (Mhubiri 8:11). Usichanganye kuchelewa na kusamehewa.

Na jambo hili si mfano tu. Gongo imekatazwa na sheria, na wapo wauzaji wanaochanganya pombe na spiriti ya viwandani, ile iitwayo methanoli. Mtu akinywa leo jioni anaweza kulala mzima, akaamka akatania watu. Dalili zinaweza kuchukua saa 12 mpaka 24. Kisha anasema, "Mbona naona ukungu?" Mwili umeigeuza kuwa sumu inayoshambulia mishipa ya macho. Wengine wamepofuka, wengine wamekufa. Kijana, kama wewe au mwenzako mmekunywa kitu na macho yanaona ukungu, au mtu anatapika na kuhema kwa shida, USISUBIRI. Kimbieni hospitali usiku huohuo, Bombo au kituo kilicho karibu. Semeni ukweli mlichokunywa. Aibu haiui, kunyamaza kunaua. Na mwenye homa naye akapime malaria, anywe dawa amalize. Tunaombea wagonjwa, na daktari ni mtumishi wa Mungu vilevile.

Ya pili: yupo mbu aliyeanguka chali kabisa, miguu juu, na kesho yake amesimama anaruka. Huyo ameanguka lakini hakufa. Na hili nalisema kwetu sisi tunaokuja kwenye mikutano. Wengine wanaanguka mbele ya jukwaa, wanalia, wanagaagaa vumbini, watu wanapiga vigelegele. Jumatatu wako palepale kilabuni. Ndugu, Mungu hahesabu walioanguka Jumapili. Anaangalia Jumatatu. Ule mtu wa kale umekufa kweli, au umepigwa kizunguzungu tu?

USUGU

Kuna habari nyingine mbaya kutoka kwa mbu. Dawa za vyandarua zimeigizwa kutoka kwenye ua la pareto, linalolimwa hapahapa Tanzania, nyanda za juu kusini. Zamani mbu walikufa vizuri. Kipimo kinasema hivi: wakifa 98 kati ya 100 au zaidi, dawa inafanya kazi. Wakifa chini ya 90, kuna usugu. Na leo sehemu nyingi za nchi yetu, Muheza ikiwemo, usugu upo. Wataalamu wamelazimika kuongeza kitu cha pili kwenye vyandarua. Kule Muleba, Kagera, vyandarua vya namna hiyo vilijaribiwa kuanzia mwaka 2014, vikazuia malaria vizuri kuliko vile vya kawaida.

Sasa elewa vizuri. Mbu mmoja mmoja hazoei dawa. Walio dhaifu wanakufa, wachache wenye nguvu wanabaki, hao ndio wanaozaa, na watoto wanafanana nao. Lakini mtu ni tofauti. MTU MMOJA, HUYOHUYO, ANAWEZA KUZOEA. Dhambi ya kwanza ulikosa usingizi. Ya pili ulijikuna kichwa. Ya kumi ulicheka. Mwito wa kwanza wa Mungu ulitoa machozi, wa tano ulishika karatasi tu, wa ishirini unaifungia karanga.

Farao alikuwa hivyo. Mungu alimpelekea chawa, akampelekea mainzi, akampelekea nzige. Wadudu wakijaa, Farao analia: "Niombeeni!" Wadudu wakiondoka, moyo unakuwa mgumu kuliko mwanzo (soma Kutoka sura ya 8 mpaka ya 10). Aliomba nafuu, hakuomba moyo mpya. Mwisho wake unaujua, alipitia baharini. Wazee wetu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi naongeza: sikio hilo lilianza kufa siku ya kwanza lilipojifanya halisikii.

KIKOMBE CHA TANO

Wanafunzi wale walikuwa na vikombe vinne. Mimi ninacho cha tano, hakikuwepo mezani kwao.

Kumbuka sabuni. Ileile inayomuua mende ndiyo mama aliyokuogeshea ulipokuwa mchanga. Kwa mmoja ni mauti, kwa mwingine ni usafi. Paulo anasema Injili nayo iko hivyo: kwa anayeikataa ni harufu ya mauti, kwa anayeipokea ni harufu ya uzima (2 Wakorintho 2:15-16). Neno ni lilelile.

Kimiminika changu ni DAMU YA YESU. Alipokuwa msalabani alisema ana kiu, wakampa siki. Yeye akanywa siki yetu, akatoa damu yake. Na damu hiyo inasafisha dhambi yote (1 Yohana 1:7). Yote, kijana! Ya kilabuni, ya gesti, ya unga, ya wizi, ya mimba uliyoikataa, ya yale uliyoyafanya gizani ambayo hata rafiki yako wa karibu hajui. Nta ya moyo haiwezi kuizuia, ukisema tu "Bwana, ingia".

Mende hakuweza kumwambia mwanafunzi, "Nihurumie." Mbu hawezi kuomba kutolewa kwenye bomba. WEWE UNAWEZA. Mdomo unao. Pumzi bado unayo, hata sasa hivi unapumua unaposoma. Lakini mtu anayeonywa mara nyingi na kukaza shingo, huvunjika ghafla (Mithali 29:1). Sikutishi. Nakuambia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu nimesimama makaburini na mama wa vijana wa umri wako, na sikuwa na la kuwaambia ila kunyamaza nao.

Basi popote ulipo, kijiweni, kitandani, kwenye daladala, sema hivi kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeguswa na mambo mengi, na nimeyapenda. Nimechoka. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisafishe kwa damu yako. Uvunje ugumu wa moyo wangu. Leo nakupa maisha yangu, na Jumatatu nayo ni yako. Amina."

Umeomba? Haleluya! Sasa fanya mambo matatu. Moja, mwambie mtu mmoja leo, usifiche. Mbili, anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Tatu, tafuta kanisa lililo karibu nawe linalohubiri wokovu, uende, ukaseme umetoka wapi. Kama pombe au unga umekushika, usione aibu kutafuta na msaada wa hospitali. Mungu anatumia mikono mingi.

Na kama hukuomba, bado nakupenda. Ikunje karatasi hii, iweke mfukoni. Kesho saa kama hizi, saa 24 zikiisha, itoe uisome tena, ujiulize mwenyewe: niko hai, au naruka tu?